Mwani wa Tangini na Kutafuta Mchawi

Mwani ulishaingia ndani ya tangi la mimea hata kabla wafugaji wa samaki hawajawa wengi. Mei 1849 mkemia Robert Warington, jijini London, alitia samaki wawili wa dhahabu na mche wa Vallisneria katika chombo cha kioo cha galoni 12, kilichojazwa nusu. Majani makuukuu yakaoza, maji yakachafuka, utando wa kijani ukashika kioo. Alichofanya ni kutia konokono wa bwawani: wakala uozo na utando, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Matokeo aliyachapisha 1850, na kwangu hoja yake ingali hai: mwani hustawi pale ambapo uchafu, mwanga na virutubisho havina wa kuvitumia.

Vizazi vilivyofuata vilipendelea kutafuta mchawi. Katikati ya miaka ya 1990 wafugaji wawili, Paul Sears na Kevin Conlin, walisema ni fosfati. Walishauri mimea ipewe naitreti, potasiamu, chuma na hewa ya ukaa kwa wingi, lakini fosfati ibanwe, ili mimea iimalize kabla mwani haujaifikia. Shauri hilo liliwafaa wengi, lakini sifa ikaenda kwenye kubana, si kwenye kulisha. Ndipo Tom Barr, Mmarekani, alipotia fosfati kwa makusudi katika matangi yaliyosheheni mimea yenye afya, na mwani haukufumuka. Kama fosfati peke yake ingekuwa chanzo, matangi yale yangegeuka kijani.

Mpinzani atataja Ziwa 226 la Ontario, Kanada, ambalo kundi la watafiti la David Schindler lililigawa kwa pazia mwaka 1973. Upande mmoja ulitiwa kaboni na naitrojeni, wa pili ukatiwa hivyo hivyo na kuongezewa fosforasi, kiini cha fosfati. Ule wa pili ndio uliofunikwa na mwani. Ushahidi huo ni thabiti, na maziwa yetu yanauhitaji. Lakini katika maji ya wazi ya ziwa, mwani unaoelea haushindani na msitu wa mimea iliyosongamana toka kioo hadi kioo. Hata kamba wadogo wanaokula mwani, walioenezwa na Takashi Amano wa Japani, husafisha tu kinachobaki. Taa kali juu ya mimea michache huwashinda.

Basi kabla ya kununua dawa, ongeza mimea inayokua haraka, punguza saa za taa, ondoa majani yanayooza, na usiinyime mimea chakula.