Fedha, Kipaji na Usukani: Vijana wa Dar es Salaam na Mbio za Safari, 1953–1974

Mbio za magari za Coronation Safari zilipoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, waandaaji waliyagawa magari katika makundi kwa kigezo cha bei ya dukani, wala hawakutazama ukubwa wa injini. Kanuni hiyo ilimpa mwenye gari la bei nafuu nafasi ya kushindana na walio sawa naye. Hata hivyo, ilimhesabu tu mtu ambaye tayari alikuwa na gari.

Katika Dar es Salaam ya wakati huo, sharti hilo peke yake liliwatenga karibu wakazi wote wa Temeke, Magomeni na Kinondoni, maeneo yaliyokusudiwa Waafrika. Ustadi wa kuendesha haukukosekana huko. Madereva wa malori waliifahamu barabara ya Morogoro wakati wa masika, mahali gari linapozama na namna ya kulinasua, na maarifa hayo ndiyo hasa Safari iliyoyapima. Lakini ustadi wao ulikuwa kazi ya ujira katika gari la mwingine. Kijana aliyeanza kama saidia fundi angeweza kupanda hadi kuwa fundi au dereva wa kampuni; ngazi ya kumfikisha kwenye mashindano haikuwepo.

Kwa wachache, ngazi hiyo ilikuwa gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake, na mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Shankland alifanya kazi Tanganyika Motors, wakala wa Peugeot. Ushindi wake wa pili ulikuja wakati wa Pasaka, majuma machache baada ya Azimio la Arusha. Katika mifano yote miwili fedha ilikuwepo, ila ilikuwa ya karakana na ya biashara ya magari, na ilimfikia mtu aliyekwisha kuonekana akifanya kazi. Ni vigumu kusema kwamba mlango huo ulikuwa wazi kwa wote: saidia fundi Mwafrika aliitazama karakana hiyo hiyo akiwa chini ya gari.

Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam. Mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza, mshindi alitoka ng'ambo: Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort ya timu ya kiwanda. Maarifa ya matope, ambayo kwa karibu miaka 20 yalikuwa mtaji wa wenyeji, sasa yaliweza kununuliwa kwa majuma ya kuikagua njia kabla ya mbio na kwa magari ya mafundi yaliyopangwa njiani.

Shekhar Mehta anatatiza hoja ya wanaoona fedha pekee. Alizaliwa Uganda katika familia ya wenye viwanda vya sukari, na utajiri huo bila shaka ulimfungulia mlango. Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na mwaka uliofuata Mehta alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wenye mali walioingia mbio hizo walikuwa wengi. Katika enzi hiyo, aliyeshinda mara tano ni yeye tu.

Kuanzia mwaka 1974 mbio zilijulikana kama Safari Rally, nazo zikabaki Kenya. Kwa vijana wa Temeke na Kinondoni hata nafasi ya kusimama kando ya barabara na kujifunza kwa macho iliondoka.