Kutafuta na kupekua

Kata ya Mwamanyili iko Busega, mkoani Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa chini ya Magu, Mwanza. Tuseme basi kompyuta ina makabrasha mawili, Mwanza na Simiyu, na karani anataka kila faili linalohusu Mwamanyili. Amri ya find hupita makabrasha yote mawili, pamoja na mengine yaliyomo ndani yake, na kwa kawaida huulizwa majina: find Mwanza Simiyu -iname '*mwamanyili*'. Lakini find itaipita barua iliyoitwa “mipaka.txt”, hata kama kata imetajwa humo mara kumi. Hapo inahitajika amri ya grep, grep -ril mwamanyili Mwanza Simiyu, inayosoma yaliyoandikwa.

Kazi zote mbili tunaziita kutafuta, na hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Napendekeza find itafute, grep ipekue. Anayepekua amekwishafika kwenye kitu; sasa anafunua kilichomo. Najua neno hilo linanuka polisi na mizigo forodhani, lakini harufu hiyo inasaidia: mpekuzi haridhiki na lebo ya sanduku. Wapo watakaosema kutafuta kunatosha, muktadha utafafanua. Katika mazungumzo, ndiyo. Mbele ya skrini nyeusi muktadha haupo, na find hiyo ikirudi mikono mitupu, karani ataapa kwamba barua haipo.