Windows 365
Windows 365 ni huduma ya Microsoft inayompa mfanyakazi kompyuta kamili ya Windows iliyoko kwenye seva za kampuni hiyo, si mezani pake. Ilianza kuuzwa kwa mashirika Agosti 2021, ikiwa imejengwa juu ya Azure Virtual Desktop, huduma nyingine ya Microsoft ya kompyuta za mbali. Mtumiaji huingia kwa kivinjari au programu maalumu. Kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini na maagizo ya kibodi na kipanya, huku mafaili yakibaki kwenye seva. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: laptopu ikiibwa, mwizi hapati nyaraka za kazi. Huduma hii hulipiwa kwa mwezi, kwa kila mtumiaji. Lakini mtandao ukikatika, kazi husimama; na kituo cha data kikiwa mbali, skrini huchelewa kuitikia.