Mlima wa Mbogo

Ewe msomaji, ukipata nafasi utoke mjini Machakos uende Kilimambogo. Wamasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kimo chake chapita mita 2,100, na mbogo wangali wamo katika msitu wake. Karibu na hapo Mto Athi huanguka kwa kishindo kwenye Maporomoko Kumi na Manne.

Ukipanda mlima utayakuta makaburi. Hapo amelala William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki mashamba makubwa pande hizi, na ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. McMillan alitaka azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, njia ilikuwa ngumu mno. Jeneza likaishia mlimani katikati.

Mwaka 1967 mlima ulifanywa mbuga ya taifa. Hivyo wanyama waliokuwa windo la wachache wakawa amana ya wote. Lakini amana hutunzwa. Msitu ukimalizwa kwa shoka, mbogo watakwenda wapi, nasi tutawaonyesha nini wajukuu wetu ila jina tu?