Brexit ilivyogeuka mjadala wa maua ya Naivasha

KURA ya maamuzi iliyopigwa Uingereza Juni 23, 2016 haikuwa na kituo Karagita wala Kwa Muhia, mitaa wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha. Hata hivyo, matokeo yake yaliibua swali lililochukua zaidi ya miaka minne kujibiwa: je, waridi lililokatwa Naivasha asubuhi na kupakiwa kwenye ndege usiku litatozwa ushuru likifika London?

Swali hilo lilizua mvutano mwingine, mbali na ule wa Waingereza wenyewe. Mvutano huo ulikuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kiini chake ni kwamba miongoni mwa wanachama wa wakati huo, Kenya pekee ndiyo iliyokuwa na cha kupoteza.

Uingereza ilijiunga na iliyokuwa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya Januari 1, 1973. Juni 1975 wananchi waliulizwa iwapo wangependa kubaki, na thuluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali. Ugomvi haukuisha. Uliendelea kufukuta, hasa ndani ya chama cha Conservative, hadi Waziri Mkuu David Cameron alipoitisha kura ya pili. Safari hii asilimia 51.9 waliamua kuondoka na asilimia 48.1 wakataka kubaki. England na Wales ziliamua kuondoka. Uskoti na Ireland Kaskazini zikataka kubaki. Cameron alijiuzulu, na mrithi wake, Theresa May, akashuhudia mkataba wake wa kuondoka ukikataliwa na wabunge mara tatu mwaka 2019. Nchi hiyo iliondoka rasmi Januari 31, 2020 chini ya Boris Johnson, lakini ikaendelea kufuata kanuni za soko la Ulaya hadi Desemba 31 mwaka huo.

Kuna jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji. Mkenya mtu mzima aliyekuwa akiishi Uingereza kihalali aliruhusiwa kupiga kura hiyo kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola. Jirani yake Mjerumani au Mfaransa, ambaye maisha yake yalitegemea zaidi matokeo hayo, hakuruhusiwa.

Hoja ya ushuru

Katika kampeni, baadhi ya waliotaka kuondoka walidai kwamba ushuru wa Ulaya huwakandamiza wakulima wa Afrika, na kwamba Uingereza ikiwa huru ingewafungulia milango. Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli kwa baadhi ya nchi na bidhaa. Kwa waridi la Kenya, haikuwa na mashiko. Tangu Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, na baadaye Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, mazao ya Kenya yalikuwa yakiingia Ulaya kwa masharti nafuu. Kilimo cha maua cha Naivasha kilikua juu ya msingi huo. Kwa mkulima wa Naivasha, basi, Uingereza kuondoka hakukumaanisha mlango kufunguliwa. Kulimaanisha mlango uliokuwa wazi kuweza kufungwa.

Hasara ya kwanza haikusubiri sheria yoyote. Juni 24, 2016 pauni ilishuka hadi kiwango cha chini zaidi dhidi ya dola tangu mwaka 1985. Anayeuza maua kwa pauni huku akilipia gharama zake kwa dola huumia hata kabla afisa wa forodha hajabadilisha chochote.

Ili kuelewa hofu iliyofuata, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Nafuu ya Lomé na Cotonou ilihitaji idhini maalumu ya Shirika la Biashara Duniani, na idhini hiyo ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2007. Badala yake, Ulaya ilitaka mikataba mipya ya ushirikiano wa kiuchumi, ambapo pande zote mbili zingefungua masoko. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuwa na haraka. Zikiwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru chini ya mpango ulioanza mwaka 2001, unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo katika orodha hiyo. Bila mkataba, ingelipa.

Na ililipa. Jumuiya iliposhindwa kukamilisha mazungumzo kabla ya Oktoba 1, 2014, Kenya iliondolewa katika orodha ya nchi zinazosamehewa ushuru. Maua, mboga na samaki wa Kenya wakaanza kutozwa, maua yakifikia hadi asilimia 8.5. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 16, wiki mbili tu baadaye, lakini nafuu ilirejea Desemba 25. Karibu miezi mitatu ilipotea kwa sababu ya kuchelewa kwa siku 15. Katika mashamba ya Naivasha, somo hilo halikuhitaji mwalimu.

Dar es Salaam yasita

Mkataba kati ya Jumuiya na Muungano wa Ulaya ulikuwa utiwe saini katikati ya mwaka 2016. Ndipo Waingereza wakapiga kura yao. Julai, wiki chache tu baada ya matokeo, Tanzania ilitangaza kwamba haitatia saini, na mojawapo ya sababu ilizotoa ni msukosuko wa Uingereza kujiondoa. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kwa nini kufunga mkataba na Muungano ambao mmoja wa wanunuzi wake wakubwa anafungasha virago? Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa miongoni mwa waliopinga mkataba huo kwa nguvu zaidi, akisema ungeua viwanda vichanga. Bunge la Tanzania liliukataa Novemba mwaka huo. Kenya na Rwanda zilikuwa zimekwisha kutia saini Septemba 1 jijini Brussels.

Nchini Kenya wapo walioona msimamo wa Tanzania kuwa wivu wa jirani. Tathmini hiyo haikuwa ya haki. Tanzania haikuwa na waridi la kulinda kwa kiwango cha Naivasha, na soko lake la Ulaya lilikuwa salama kwa vyovyote vile. Isitoshe, haikuwa mara yake ya kwanza kupima faida ya kukaa pamoja na kuiona ndogo. Mwaka 2000, Mkapa akiwa Rais, ilijiondoa katika COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, huku Kenya ikibaki. Na Nakuru, mji uliokua kando ya reli, hauhitaji kufundishwa gharama ya kuvunjika kwa muungano: Jumuiya ya kwanza iliposambaratika mwaka 1977, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikatwa vipande, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na kugawana mali kukaendelea hadi makubaliano ya Mei 1984.

Kenya yaenda peke yake

Kufikia mwaka 2020 saa ilikuwa ikiyoyoma. Serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba soko lake lilichukua asilimia 43 ya mboga zote ambazo Kenya iliuza nje na angalau asilimia 9 ya maua. Bila mkataba, kuanzia Januari 1, 2021 maua yangetozwa asilimia 8. Nchi nyingine za Jumuiya hazikuwa tayari. Desemba 8, 2020 Waziri wa Biashara wa Kenya, Betty Maina, na waziri mdogo wa Uingereza, Ranil Jayawardena, walitia saini mkataba jijini London. Kenya ilitia saini peke yake, ingawa nafasi iliachwa kwa majirani kujiunga baadaye.

Wakosoaji waliuliza inawezekanaje nchi moja iliyo ndani ya umoja wa forodha, ulioanza mwaka 2005, kukubaliana ushuru wake na mgeni. Kenya ilijibu kwamba itifaki ya umoja huo inaruhusu, mradi wenzake wajulishwe. Mkutano wa marais wa Jumuiya wa Februari 27, 2021 uliruhusu nchi zilizo tayari zitangulie, na Machi Bunge la Kenya likaidhinisha mkataba. Katika wiki za katikati ulitumika utaratibu wa muda ili maua yasikwame.

Si kila mtu katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru aliyekuwa na sababu ya kushangilia. Kutoka Naivasha hadi Molo, Njoro na Kuresoi ni safari ya saa chache, lakini maslahi ni tofauti. Huko hulimwa viazi, mahindi na ngano, na hufugwa ng'ombe wa maziwa. Soko la mkulima ni Nakuru na Nairobi. Wakulima wadogo walihofia kwamba malipo ya waridi kuingia bila ushuru yangekuwa bidhaa za kilimo za Ulaya, zinazofadhiliwa na serikali zao, kuingia humu nchini. Wakiwa na watetezi wa haki za binadamu, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2007 kupinga mazungumzo na Ulaya. Oktoba 2013 mahakama iliitaka serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wananchi. Baadhi ya mazao nyeti yaliachwa nje ya ufunguzi wa soko, nao ufunguzi wenyewe ukapangwa kufanyika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Nafuu ya muuza maua, kwa upande wake, ilianza mara moja, na hapo ndipo wakulima hao walipoona mizani imeegemea upande mmoja.

Kwa upande wa Muungano wa Ulaya, Kenya hatimaye ilitia saini mkataba wake yenyewe Desemba 18, 2023 jijini Nairobi, na ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Lilisalia tatizo ambalo mikataba hii miwili haikulitatua kikamilifu. Maua mengi ya Kenya hupitia kwanza minada ya Uholanzi, ambako huchanganywa na kufungwa upya kabla ya kuvuka kwenda Uingereza. Zamani huo ulikuwa usafiri wa ndani ya soko moja. Baada ya Brexit, ua lililopita njia hiyo liliweza kupoteza haki yake ya kusamehewa na kudaiwa ile asilimia 8, ilhali ua la shamba lilo hilo lililoruka moja kwa moja hadi London halikudaiwa chochote. Aprili 2024 Uingereza ilisimamisha ushuru huo kwa maua yote yaliyokatwa, mwanzoni kwa kipindi cha miaka miwili na ushei.