Pasti ya Cornwall: chakula kilichoishi kuliko mugodi

Tukisikia Uingereza, wengi wetu tunafikiri London na chai ya maziwa tu. Lakini kule pia kila jimbo lina chakula chake, na kila chakula kina sababu yake. Tuangalie pasti ya Cornwall, jimbo la mwisho upande wa kusini-magharibi. Sisi watu wa inchi ya shaba tutaielewa upesi.

Pasti ni unga wa ngano uliokandwa na mafuta na kutandazwa kama sahani. Ndani munatiwa nyama ya ngombe ya vipande, viazi vya kizungu, matungulu na rutabaga, ule mzizi wa manjano wa jamaa ya shu. Vyote vinatiwa vibichi, na chumvi na pilipili manga. Halafu unakunjwa nusu, ukingo unasokotwa kama kamba, unachomwa katika tanuri.

Zamani sana pasti ilikuwa chakula cha wakubwa, na nyama ya mawindo ndani. Iligeuka chakula cha wafanyakazi wakati migodi ya shaba na bati ilipoenea Cornwall, katika miaka ya 1700 na 1800. Mutu anayeshinda chini ya udongo anahitaji chakula kizito, kisichotaka sahani wala kijiko. Muke wake aliandika herufi za jina lake kwenye pembe moja, ili kipande alichobakiza kisichanganyike na cha mwenzake. Wengine waliacha kidogo kwa pepo wadogo waliogonga ndani ya mwamba. Ati ukiwanyima, watakuletea bahati mbaya.

Kuna pia hadithi inayopendwa sana: ati ukingo ulikuwa wa kushikia tu, na mchimbaji aliutupa kwa kuogopa sumu ya arseniki kwenye vidole. Kweli, arseniki ilikuwa kule. Lakini picha za zamani zinaonyesha wachimbaji wakila pasti iliyofungwa katika kitambaa ao karatasi, toka pembe hii mpaka ile. Mutu mwenye njaa hatupi chakula!

Mwaka 1866 bei ya shaba ilianguka, na watu wengi wakahamia ngambo. Wenzao walikuwa wamekwisha kufika Real del Monte, kule Meksiko, tangu miaka ya 1820. Mpaka leo watu wa pale wanapika pasti, na pilipili kali ndani. South Crofty, mugodi wa mwisho wa bati huko Cornwall, ulifungwa mwaka 1998. Pasti haikufungwa. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulilinda jina lake: sharti itengenezwe Cornwall kwenyewe, na ukingo wake usokotwe ubavuni.

Mugodi ulikuwa wa kampuni, pasti ilikuwa ya mama nyumbani. Masini zilinyamaza, cha mama kikabaki. Na hapa kwetu, Likasi, Kolwezi, Lubumbashi: nani ameandika vile mama zetu walivyofungia baba chakula cha kazi ya usiku? Wamoja wangali hai. Twende tuwaulize.