Brussels: hatari ilipita, mwili ukabaki macho

Novemba 2015, wakazi wa Brussels waliishi roho juu juu. Kwa hofu ya shambulio, treni za chini ya ardhi zilisimamishwa, shule zikafungwa na wanajeshi wakapiga doria. Miezi minne baadaye, tarehe 22 Machi 2016, mabomu yaliripuka katika uwanja wa ndege wa Zaventem na kituo cha treni cha Maelbeek. Watu 32 waliuawa na mamia wakajeruhiwa.

Mmarekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojihami: tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini, moyo huenda mbio na misuli hukaza, tayari kwa kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, Canada, alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba dhiki ikizidi kudumu, mwili wenyewe hudhoofika.

Waswahili walikwisha kusema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Manusura wa bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998 wanalijua hilo, na baadhi ya wale wa Brussels pia. Mlango ukibamizwa tu, mwili hurejea siku ile.

Julai 2023, mahakama mjini Brussels ilipowatia hatiani wengi wa washitakiwa, iliwahesabu pia miongoni mwa wahanga watu waliofariki muda mrefu baada ya miripuko. Sheria ilikiri kwamba jeraha lisilotoa damu nalo huua.